Mgeni, Mwenyeji na Mpangaji: Historia ya Kupanga Nyumba katika Vijiji vya Pembezoni mwa Dar es Salaam



Mwaka 1986, nikiwa mkufunzi kijana, nilikwenda kutafuta chumba katika kijiji kimoja nyuma ya mlima huu wa Chuo Kikuu. Wakati huo ilikuwa bado ni mikorosho, minazi na njia za miguu. Nilimkuta mzee mmoja barazani pake, nikampa shikamoo. Akaitikia, akanikaribisha mkekani, kisha akaniuliza: “Mwanangu, wewe ni mgeni wa nani?”

Sikuwa mgeni wa mtu yeyote. Nilikuwa na fedha mfukoni na nilitaka chumba. Ilinichukua siku mbili kumpata mtu wa kijiji kile aliyekuwa tayari kunipeleka kwa mzee na kusema kwamba ananijua. Chumba nikakipata siku hiyo hiyo. Nililipa kila mwezi bila kukosa, lakini katika daftari la balozi wa nyumba kumi niliandikwa kuwa ni mgeni wa mzee. Miaka miwili baadaye mzee alifariki dunia. Arubaini ilipopita, wapwa zake walikuja kugawana nyumba, wakaniuliza swali lile lile: mgeni wa nani? Mwenyeji wangu alikuwa kaburini. Nikapewa siku tatu.

Sisimulii haya ili kulalamika. Swali la mzee ndilo mada ya mhadhara huu. Ninakusudia kuonyesha kwamba katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Dar es Salaam, kupanga nyumba kulianza kama tawi la ugeni, na kwamba msamiati wetu wa upangaji bado unabeba mabaki ya ugeni huo, hata pale ambapo uhusiano wenyewe umekwisha kuwa wa fedha tupu. Mwenye kusoma sheria peke yake hatayaona mabaki hayo. Yamo katika maneno.

Tuanze na neno mwenyeji. Limeundwa kwa kuunganisha mwenye na mji. Lakini mji huo si lazima uwe jiji lenye barabara na taa. Katika Kiswahili cha zamani, kama ilivyo katika lugha nyingi za jirani zake, mji ni mahali pa watu kukaa, uwe mkubwa au mdogo, hata boma la ukoo mmoja. Mwenyeji basi ni mtu mwenye mahali, na mgeni ni mtu ambaye mahali pake ni kwingine. Neno mpangaji halimo katika jozi hiyo. Limeingia baadaye, na limeingia kwa mlango wa pembeni.

Kitenzi panga kina maana ya kuweka vitu katika safu au katika utaratibu, na kina maana ya kuchukua nyumba kwa malipo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari inazionyesha maana hizo mbili. Maana ya tatu, ile ya kuratibu shughuli za baadaye, imestawi zaidi katika lugha ya utawala. Kwa maoni yangu zote zinakutana katika wazo la kukipa kitu nafasi yake: anayepanga vyombo huvipa nafasi kabatini, na anayepanga chumba hupewa nafasi ndani ya mji wa mtu mwingine. Hapewi mji. Anapewa nafasi. (Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupenda kuniuliza kama pango la nyumba na pango la popo ni neno moja. Ninawajibu kwamba itategemea nyumba.)

Sasa turudi nyuma. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, hakujenga penye pori tupu. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na nyuma ya pwani palikuwa na vijiji na mashamba ya Wazaramo. Katika desturi za eneo hili, kama kwingineko katika mwambao, mali iliyohesabiwa hasa ni mti. Mnazi una mwenyewe, mwembe una mwenyewe, na mtu anaweza kumiliki miti iliyo katika ardhi ambayo wengine wanalima mihogo chini yake. Kutokana na hilo ilizaliwa kanuni ambayo kila mgeni aliijua kabla ya kuijua nyingine yoyote: utalima mazao ya msimu, utajenga kibanda cha miti na makuti, lakini hutapanda mti wa kudumu. Mwenye kupanda mnazi amejiandikia hati. Mgeni aliyeheshimu kanuni hiyo aliweza kukaa miaka mingi kwa malipo madogo, au kwa zawadi tu za mavuno na heshima za msibani na arusini.

Wajerumani waliuhamishia utawala wao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1897 wakatangaza kodi ya nyumba, iliyojulikana sana kama kodi ya kibanda. Kwa mwanaisimu huu ni mwaka mkubwa. Kila paa likawa na bei, na neno kodi likakaa katika vinywa vya watu wa vijijini likiwa na sura ya serikali: askari, rupia na stakabadhi. Mwenye nyumba aliyekuwa na chumba cha ziada alipata sababu mpya ya kumtoza aliye ndani. Hapo ndipo ulipoanza utata ambao mpaka leo hatujautatua. Mtu wa Dar es Salaam akisema “nimelipa kodi ya nyumba”, huwezi kujua amelipa kwa serikali au kwa mwenye nyumba wake. Waandishi wa nyaraka rasmi walijaribu kutibu utata huo kwa kuunganisha maneno mawili, wakapata kodi ya pango. Tiba hiyo haikuingia mitaani. Mombasa na Nairobi hawakuihitaji sana, kwani huko kitenzi kukodi kimechukua sehemu kubwa ya kazi ambayo kwetu inafanywa na kupanga.

Na kwa kuwa nimeitaja Mombasa, niongeze jambo moja. Huko ulikuwapo, na bado upo, utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu anajenga na kuimiliki nyumba yake, huku akimlipa mwenye kiwanja malipo ya ardhi iliyo chini ya kuta zake. Hiyo ni kanuni ya mnazi iliyogeuzwa. Kule mti ni wa mwenyeji na ardhi inalimwa na mgeni. Hapa nyumba ni ya mgeni na ardhi ni ya mwenyeji. Katika hali zote mbili, vitu ambavyo sheria za Ulaya huviona kuwa kitu kimoja, Waswahili waliviona kuwa viwili.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mji ulianza kuvifuata vijiji. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 katika Dar es Salaam, na ile ya mwaka 1967 ikahesabu 272,821. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, alifanya utafiti wake kuhusu mji huu, uliochapishwa mwaka 1963. Ndani yake utaiona nyumba ya Kiswahili ikifanya kazi: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma wenye jiko na choo vinavyotumiwa na wote. Nyumba hiyo ni ya ukoo kwa umbo na ya biashara kwa matumizi. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, na vilivyobaki anavipangisha kwa watu ambao jioni watapika pamoja naye uani. Buguruni, Keko, Kigogo na Manzese vilipomezwa na mji, umbo hilo liliingia humo likiwa tayari limekomaa.

Uhuru ulileta mabadiliko ambayo wanahistoria wameyaandika sana, ila upande wake wa lugha haujatazamwa vya kutosha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi, na mmojawapo ulimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Miaka miwili baadaye Mwalimu Nyerere aliwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano katika hotuba iliyojulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Tazameni maajabu ya kauli za vitenzi vyetu. Mzizi ni ule ule. Katika kauli ya kutenda, kupanga ni fadhila ya taifa. Kikiongezwa kiambishi cha kutendesha, kupangisha kinakuwa dalili ya unyonyaji. Mwaka 1971 majengo yaliyokuwa yakipangishwa, yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba.

Nyumba ya udongo ya kijijini haikufikia thamani hiyo hata kwa mbali, kwa hiyo haikuguswa. Lakini lawama iliyolishika neno ilifika huko. Mzee wangu wa mwaka 1986 hakuwa kiongozi, wala hakuvunja sheria yoyote. Hata hivyo hakupenda kuitwa mtu anayepangisha, na ugeni ulikuwa kivuli kizuri cha kujificha. Sisemi kwamba alidanganya. Tulikula naye, na mkewe akiugua mimi ndiye niliyekwenda kutafuta gari. Nilikuwa mgeni na nilikuwa mpangaji kwa wakati mmoja. Shida ni kwamba siku ya haki lilihesabiwa neno moja tu, lile lililoandikwa daftarini.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliilegeza miiko ile, na kupangisha kukarudi kuwa kazi ya halali isiyoonewa haya. Tangu hapo vijiji vimebadilika upesi mno. Goba, Chanika, Msongola, Bunju na Kibamba, na ng’ambo ya mipaka ya mkoa Vikindu, Kiluvya na Mlandizi, vimepokea watu wanaofanya kazi mjini na kulala shambani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wanaoutegemea mji kwa riziki wanaishi nje ya hesabu hiyo. Anayewapeleka huko si jamaa tena, ni dalali. Neno hili la Kiarabu, ambalo zamani lilimhusu zaidi mpiga mnada, sasa limekaa mahali pa yule mtu aliyesema kwamba ananijua. Dalali hakujui wala hadai kukujua; ujira wake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Swali lake si mgeni wa nani. Anauliza: “Una miezi mingapi?” Maana yake ni kodi ya miezi mingapi unayoweza kuitoa kwa mkupuo, mitatu, sita au kumi na miwili. Mtu hupimwa kwa miezi yake.

Kilemba nacho kimepita njia hiyo hiyo. Kilikuwa heshima anayovishwa mjomba arusini au fundi anayemfuzisha mwanafunzi wake. Mjini kikawa fedha anayotoa mtu ili aachiwe pango la mwingine. Wale wa pagaleni wamebaki nyuma kidogo: mtu anayekaa bila malipo katika nyumba isiyokwisha, akiilinda mpaka mwenyewe apate bati, bado anasemwa kuwa “anaangalia nyumba”, na hakuna anayemwita mpangaji.

Nimeacha jambo gumu kuliko yote mwishoni. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa na ardhi ikawa ya umma. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeulinda msimamo huo. Sasa kijiji kinapotangazwa kuwa eneo la mji, kikapimwa na wenyeji wakapewa hati, mwenyeji huanza kulipa pango la ardhi. Lisikieni neno hilo. Mjukuu wa aliyepanda mnazi anapata karatasi yenye muda maalumu, na katika lugha ya karatasi hiyo yeye mwenyewe ni mpangaji. Na chini yake yuko mpangaji wake. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo huyu wa chini hutegemea mkataba, na mkataba wake mara nyingi ni wa mdomo. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia mwaka 2023. Anayenunua umeme ni nani? Katika nyumba nyingi ni mpangaji. Ule utata wa mwaka 1897 sasa unalipiwa kwa simu: mtu mmoja, nyumba moja, kodi mbili, na neno moja la kuzitaja.

Hivi karibuni nilimsindikiza mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili kutafuta chumba upande wa Chanika. Dalali aliuliza miezi, miezi ikapatikana. Mama mwenye nyumba akatuletea viti chini ya mwembe, akatoa daftari la shule ambamo alikuwa ameuandika mkataba kwa mkono, kwa hati nzuri. Masharti yalikuwa saba. Sita yalihusu umeme, maji, kelele na usafi wa choo. La saba lilisema kwamba mpangaji haruhusiwi kupanda mti wowote kiwanjani. Mwanafunzi wangu alicheka. Chumba chenyewe hakikuwa na hata hatua tatu za ardhi. Mimi nilimwomba mama ruhusa ya kulinakili sharti lile.