Saksafoni ya Mtumba

Siku niliyoacha muziki, mwaka 1991, nilipeleka saksafoni kwa mtunza stoo. Akaitazama shingo, akahesabu vifuniko, akafunga sanduku, kisha akanionyesha mahali pa kutia sahihi katika leja. Nilikuwa nimeipuliza kwa miaka tisa. Ilikuwa alto iliyotengenezwa Ujerumani ya Mashariki, na rangi yake ya dhahabu ilikuwa imetoka kabisa pale kilipokaa kidole gumba changu cha kulia. Hata hivyo haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya shirika, kama meza ya karani au lori la mizigo.

Kijana wa leo anaweza kushangaa kwamba mtu apulize chombo miaka tisa bila kuwa nacho. Lakini ndivyo tulivyoishi wengi wetu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Herufi DDC mbele ya jina la Mlimani Park zilikuwa za Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Polisi na Jeshi walikuwa na bendi zao. Mwajiri alinunua vyombo, nasi tukaleta pumzi na vidole. Na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, nani angethubutu kuwaza kuagiza saksafoni yake mwenyewe? Baadaye, katika miaka ya 1990, kinanda cha umeme kikaanza kuiga sauti za tarumbeta na saksafoni katika bendi nyingi, na wapulizaji tukajikuta hatuna kazi wala chombo.

Nilikaa miaka 26 bila kupuliza. Nilipostaafu mwaka 2017 nilikuwa na shilingi laki nne ambazo mke wangu alikubali, baada ya mazungumzo marefu, kwamba hazina kazi nyingine. Nikaanza kuulizia bei. Nikaanza pia kusoma, kwa maana mimi ni mtu wa kusoma kwanza na kununua baadaye, tabia iliyonipotezea viwanja viwili.

Niliyoyasoma yalinifurahisha. Aliyebuni chombo hiki, Adolphe Sax, alizaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, akahamia Paris, na mwaka 1846 akapata hataza ya saksafoni. Lengo lake kubwa lilikuwa bendi za jeshi la Ufaransa. Yaani chombo hiki tangu utoto wake kiliandikwa katika leja ya stoo ya serikali! Sax mwenyewe hakutajirika. Wapinzani walimburuta mahakamani mwaka baada ya mwaka, akafilisika mara tatu: 1852, 1873 na 1877. Hataza yake ilipokwisha mwaka 1866, mafundi wengine wa Paris wakaanza kuunda saksafoni zao bila kumwomba ruhusa. Kwake ilikuwa hasara, lakini hapo ndipo saksafoni ilipoanza kuwa ya watu wengi.

Hatua iliyofuata ilikuwa Marekani. Katika mji wa Elkhart, Indiana, viwanda kama Conn na Buescher viliunda saksafoni kwa maelfu, na katika miaka ya 1920 wazimu wa saksafoni uliikumba nchi ile. Makarani, wauza duka na wanafunzi, wote walitaka moja. Wazimu ulipopoa na uchumi ukaanguka mwaka 1929, nyingi zilibaki ndani ya masanduku. Shaba haiozi. Baadhi ya vyombo vile vinapulizwa hadi leo, na mtu anayerudi kwenye muziki akiwa na fedha kidogo bado huvitafuta.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha saksafoni ya plastiki. Mwitaliano mmoja aliyeishi London, Hector Sommaruga, alibuni alto ya plastiki nyeupe ikaitwa Grafton, ikaanza kuuzwa mwaka 1950 kwa bei ya chini kuliko za shaba. Wengi waliicheka kwa sura ya kitu cha kuchezea watoto. Tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall mjini Toronto, Charlie Parker, bingwa wa alto wa zama zile, alipanda jukwaani na Grafton. Mwaka uliofuata Ornette Coleman, kijana aliyekuwa hana fedha, alinunua ya plastiki kwa sababu ndiyo aliyoimudu, akaendelea nayo hata alipoanza kujulikana. Ile ya Parker ilipigwa mnada London mwaka 1994 kwa pauni 93,500. Sijui kama waliocheka walikuwa hai kusikia.

Basi nilikwenda kununua nikiwa na kiburi cha msomi. Palikuwa na mbili. Moja ilikuwa mpya kutoka China, inang'aa kama sufuria ya harusi. Ya pili ilikuwa mtumba, alto ya Ujerumani ya Mashariki, ndugu kabisa wa ile niliyoirudisha stoo. Ilikuwa na kovu ubavuni. Mwenye nayo alikuwa kijana anayepuliza kanisani, aliyetaka kuiuza apate ada ya chuo.

Nikaipuliza. Noti za juu zilitoka, nyembamba. Za chini zilikoroma, kisha zikakatika. Kila mpulizaji anajua maana yake: pedi za ngozi zilizo chini ya vifuniko zikichakaa, pumzi huvuja, na noti za chini ndizo za kwanza kufa.

"Inavuja hii," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeandaa kupunguziwa bei.

Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akabadilisha kijiti cha mwanzi, akavuta pumzi. Noti ya chini kabisa ikatoka, nene, ikajaza chumba.

"Mzee," akasema taratibu, "chombo kinavuja kweli, lakini si kiasi hicho."

Nilitazama sakafu. Midomo yangu ilikuwa imelegea kama mfuko wa kamba uliokatika. Kidogo tu ningemshusha bei ya ada yake kwa kosa la mdomo wangu.

Tukafunga mapazia, tukashusha taa ndogo ndani ya mwili wa saksafoni, tukabonyeza vifuniko kimoja kimoja. Mwanga ulipenya mahali pawili. Kumbe kweli ilivuja, mahali pawili tu. Nikamlipa laki tatu na nusu, bei yake ya kwanza. Elfu hamsini iliyobaki ikaenda kwa fundi wa pedi na kwenye vijiti vipya.

Nyumbani nilijifariji kwa habari za Sonny Rollins, aliyejitenga na majukwaa mwaka 1959 akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg mjini New York hadi 1961. Lakini yeye aliacha majukwaa, hakuacha kupuliza. Mimi nilianza na noti moja ndefu, dakika kumi, midomo ikatetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Siku ya nne jirani alimuuliza mke wangu kama tumenunua ng'ombe.

Mwezi wa tatu ile noti ya chini ilianza kutoka. Si kila siku, na asubuhi ndiyo hasa. Na kidole gumba changu, nilipokitazama, kilikuwa kimekaa juu ya sehemu iliyotolewa rangi na kidole cha mtu mwingine.