Neno la Kiingereza lililozaliwa Magadi

Mzozo wa kodi ya ardhi kati ya Kaunti ya Kajiado na kampuni ya Tata Chemicals Magadi ulipopamba moto mwaka 2019, jina la Magadi lilijaa magazetini kwa sababu ya mabilioni ya shilingi. Wachache walikumbuka kwamba Ziwa Magadi limeipa lugha ya Kiingereza neno ambalo hata Waingereza wengi wenyewe hawalijui: magadiite. Mama mboga wa Kitengela anayeuza magadi ya kulainishia kunde ana nusu ya neno hilo mdomoni kila siku.

Habari za soda ya ziwa hilo, na za reli iliyojengwa kutoka Konza kupitia Kajiado ili kuifuata, zimeandikwa sana. Neno lenyewe lilikuja baadaye. Mwaka 1967 Hans Eugster, mwanajiolojia mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alieleza katika jarida la Science madini mawili mapya kutoka Magadi. Ya kwanza akayabandika jina la ziwa, ya pili akayaita kenyaite. Magadiite mbichi ni nyeupe, hufinyangika kama puti ya fundi vioo. Ikikauka hushika na kuwa ngumu.

Kilichozua ubishi ni chanzo cha gumegume, jiwe gumu la silika. Wengi waliamini jiwe hilo hutokana na mabaki ya viumbe vidogo vya majini. Eugster akasema Magadi haihitaji viumbe: maji makali ya ziwa huyeyusha silika ya mawe ya volkeno; maji ya mvua yakitanda juu, ukali hupungua na silika hutuama kama magadiite. Baadaye sodiamu husuuzwa, likabaki gumegume. Tangu hapo, gumegume la kale la nchi za mbali likaanza kuitwa la “aina ya Magadi”. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa Kijerumani wakampinga: bakteria, walisema, wana mkono hapo. Ubishi huo mimi naupenda kuliko ule wa kodi.

Mwaka 2014 watafiti walitoboa sakafu ya ziwa karibu mita 200, wakatoa matope na gumegume la takriban miaka milioni moja. Shehena hiyo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwanafunzi wa Kajiado akitaka kuiona, apande ndege.