Habari za Kupandwa kwa Milima ya Upare

Msomaji akipekua vitabu vya wasafiri ili apate jina la mtu wa kwanza kufika kilele cha Shengena, hatalipata. Mlima wa Kilimanjaro una watu wake na siku yake: Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba mwaka wa 1889. Lakini Shengena, kilele kirefu kupita vyote vya Upare, chenye mita 2,462 juu ya bahari, hakina mtu wala siku. Twataka kueleza hapa kwa nini ni hivyo, maana bado wapo watoto wa shule wanaofundishwa kwamba milima ya nchi hii ilivumbuliwa na wageni, na mwalimu wao hana la kuwajibu wakimwuliza ni nani aliyeuvumbua mlima wao.

Nchi yenyewe iko hivi. Milima ya Upare imesimama kama ukuta mrefu toka upande wa Ziwa Jipe kwenda kusini, mpaka bonde la mto Mkomazi liitengalo na Usambara. Sehemu ya kaskazini ni Ugweno na Usangi, na kilele chake kirefu ni Kindoroko, mita 2,113. Sehemu ya kusini ni kubwa zaidi, nayo ndiyo yenye Shengena. Upepo utokao baharini huleta mawingu, na mawingu humwaga mvua yake upande wa mashariki na juu milimani. Upande wa magharibi hupata kidogo tu. Kwa hiyo mtu aweza kusimama Same, penye vumbi na miiba, akatazama juu akaona msitu umefunikwa na ukungu, wala si mbali. Tofauti hiyo ya chini na juu ndiyo mzizi wa habari zote tutakazosimulia.

Kwanza yatupasa tuseme neno juu ya desturi ya kupanda kilele kwa ajili ya kilele. Watu wengi hudhani kwamba Wazungu walikuwa nayo tangu zamani. Sivyo. Katika milima ya Alpi wachungaji walipanda mpaka penye malisho ya mwisho, wawindaji wakafuata wanyama, na watafutaji wa mawe ya kung'aa wakaingia kwenye majabali. Penye theluji tupu hawakuwa na shughuli. Mont Blanc haikupandwa mpaka tarehe 8 Agosti 1786, na waliopanda walikuwa Jacques Balmat, mtafuta mawe wa bonde la Chamonix, na mganga Michel-Gabriel Paccard. Tena kulikuwa na zawadi iliyoahidiwa miaka mingi kabla yake na bwana Saussure, mtaalamu wa Geneva. Chama cha wapanda milima kiliundwa London mwaka wa 1857. Basi desturi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mia moja na michache tu ilipofika Kilimanjaro, na aliyeileta pamoja na Meyer, yaani Purtscheller, alikuwa mwalimu wa shule, mfundishaji wa mazoezi ya viungo katika mji wa Salzburg.

Mpare wa zamani alikuwa kama mchungaji wa Alpi. Ukimwambia kwamba wapanda mlima, angekuuliza waenda wapi. (Katika Kiswahili tuna kupanda mlima na kupanda mbegu, maneno mawili ya sauti moja, kwa Mpare yalikuwa karibu kuwa kazi moja, kwa kuwa shamba lake lilikuwa mlimani.) Kila njia ilikuwa na shughuli yake. Katika Ugweno walikuwako Washana, wahunzi, na ukoo wao ndio uliotawala kwanza, hata Wasuya wakiongozwa na Angovi wakawanyang'anya utawala; na mwanawe Mranga akaipanga nchi upya. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, alizikusanya habari hizo vinywani mwa wazee akazichapisha mwaka wa 1969, na mwalimu yeyote wa Upare asiyekisoma kitabu chake amekosa msingi. Ufuaji wa chuma wahitaji makaa, na makaa hutoka msituni. Hivyo mhunzi alizijua njia za juu kuliko mtu mwingine.

Njia nyingine zilikuwa za maji. Wapare walichimba mifereji kuteremsha maji ya vijito, wakajenga na mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambayo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Mwenye ndiva lazima akijue chanzo cha kijito, na chanzo kiko juu. Tena kulikuwa na njia za misitu ya miiko: mshitu, ambamo vijana walifundishwa mambo ya utu uzima, na mpungi, pa ukoo na wahenga wake. Humo hakukatwa mti wala hakuingia mtu ovyo.

Mwisho zilikuwako njia za kukimbilia. Katika karne ya 19 Wamasai waliteka ng'ombe katika nchi tambarare, na njia ya misafara ya pembe na watumwa ilipita chini ya milima, upande wa mto Pangani. Semboja wa Mazinde, wa ukoo wa Wakilindi, alituma watu wake Upare kuteka. Huko Mbaga wenyeji huyaonyesha hata sasa mapango ya Mghimbi, ambamo wazee wao walijificha. Mtu aliyepanda kwa namna hiyo hakuhesabu mita.

Ndipo walipokuja wasafiri wenye vyombo vya kupimia. Mwaka wa 1861 Karl Klaus von der Decken alifika pande za Ziwa Jipe pamoja na Mwingereza Richard Thornton, mjuzi wa mawe, wakielekea Kilimanjaro. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten. Kwao Upare ulikuwa ukuta wa njiani tu. Aliyeitazama nchi hii kwa nia ya kuijua ni Oscar Baumann, mtu wa Vienna. Mwaka wa 1890 alipita Usambara na Upare akichora ramani, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1891. Kazi yake ilikuwa kubwa, nasi hatuidharau. Ila jina la mlima haliandikwi na chombo cha kupimia, huulizwa. Kila jina la Kipare lililo katika ramani za namna hiyo lilitamkwa kwanza na mtu aliyekuwa akilijua, na majina ya watu hao hayakuandikwa.

Baada ya wasafiri walikuja wamisheni. Walutheri wa Leipzig walianza Shigatini katika Usangi mwaka wa 1900, na Waadventista wakaanza Mamba mwaka wa 1903. Walijenga juu kwa kuwa watu walikaa juu, na hao ndio wageni wa kwanza walioutembea mlima wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kwa miguu, mwaka baada ya mwaka. Ernst Kotz wa Waadventista alitoa sarufi ya Chasu mwaka wa 1909, na mwaka wa 1922 kitabu cha mila za Wapare. Jakob Dannholz wa Mbaga, Mlutheri, alitoa chake mwaka wa 1916. Twaomba wasomaji wetu wayaangalie majina ya vitabu hivi viwili vya mila. Vyote viwili vyaanza kwa maneno yale yale ya Kijerumani, yaani "Katika kifungo": cha Kotz ni kifungo cha hofu, na cha Dannholz ni kifungo cha imani ya mizimu.

Hapa twadhani inafaa kusema waziwazi, maana wengi wetu ni warithi wa kazi ile. Waandishi hao waliandika kwa uangalifu, na bila wao mengi yangepotea. Hofu nayo ilikuwako kweli. Lakini katika mshitu na mpungi walikazana kuiona hofu, wasione sana kwamba mwiko ule ule ulikuwa pia sheria ya msitu na ya chemchemi. Mahali pengi hofu ilipotoka, shoka liliingia. Katika msitu wa Chome unaoizunguka Shengena, mti wa mkulo ulikatwa sana kwa ajili ya mbao, hata ulipokuwa chini ya ulinzi wa serikali. Hatusemi kwamba Injili ndiyo iliyoukata. Twasema tu kwamba aliyeondoa sheria moja alipaswa kuuliza ni ipi itakayokaa mahali pake.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka wa 1911, ikipita Same, na tangu hapo wageni wengi waliuona Upare dirishani. Wenyeji waliendelea kutembea. Msafara mkubwa katika kumbukumbu za milima hii haukwenda juu bali ulishuka: mwaka wa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwa miguu mpaka Same, boma la wilaya, kuikataa kodi ya mbiru, wakakaa huko siku nyingi, na mwaka wa 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Njia walizoshukia zilikuwa zile zile za mhunzi na za mtu wa ndiva.

Siku hizi Shengena hupandwa na watu wapendao matembezi, wakitokea Mbaga au kijiji cha Chome, pamoja na kiongozi mwenyeji. Msitu ni wa baridi na utelezi, na huko juu miti huwa mifupi. Ukungu ukiondoka, Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini, na nyika ya Mkomazi upande wa mashariki. Yuko huko ndege mdogo, wa milima ya Upare wa kusini tu, ambaye wataalamu katika miaka ya 1930 walimpa jina la bibi Winifred Moreau. Ndege alipata jina la mgeni, kilele hakikupata. Kile cha Kibo kiliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, na mwaka wa 1961 kikaitwa Uhuru. Shengena haikuhitaji kubadilishwa.

Hata hivyo jina la kilele ni moja tu kati ya mengi. Kila kijito, kila mwamba na kila kivuko cha njia hizo kina jina la Chasu au la Kigweno, na mengi hayamo katika ramani yoyote. Tungefurahi mwalimu mmoja wa Chome na mmoja wa Mbaga wakitembea na wazee, kila mmoja upande wake, wakayaandika kama yatamkwavyo, pamoja na shughuli ya kila njia, wakatuletea ili tuyalinganishe.