Waandishi Wawili, Habari Moja: Redio za Bujumbura na Somo Lake

Mwisho wa mwaka wa pili, wanafunzi wa idara yetu hapa Bujumbura huchagua tawi moja: uandishi wa habari au uhusiano wa umma. Baba alikwisha kunichagulia. "Mwanangu, soma uhusiano wa umma, upate kazi ya ofisini. Hizo redio uliziona mwenyewe zilivyoungua."

Alikuwa akinikumbusha Mei 2015. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tarehe 13 jaribio la kupindua serikali lilitangazwa redioni, na kufikia kesho yake vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilikuwa vimeshambuliwa na kunyamazishwa. Hata Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, haikusalimika. Nyumbani kwetu Buyenzi tulizungusha kitafuta-stesheni tukasikia mvumo mtupu.

Kabla ya kumjibu baba nilitaka kujua redio hizo zilitoka wapi, na watu wake walijifunzia wapi kazi.

Kwa muda mrefu redio nchini Burundi ilikuwa ni ile ya serikali. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa: Kamenge ukawa wa Wahutu, Ngagara wa Watutsi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulikuwa miongoni mwa mitaa michache ambamo watu waliendelea kuishi kwa kuchanganyika. Kwa mwandishi wa habari, mgawanyiko huo ulikuwa na maana moja kubwa: kuna mitaa asiyoweza kuingia. Na asiyefika mahali huandika alichosimuliwa. Jirani zetu Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kuona jinsi redio ya RTLM ilivyochochea mauaji ya mwaka 1994.

Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo mjini Bujumbura. Kwa Kirundi, ijambo ni neno au usemi. Mswahili hahitaji kamusi kuona undugu wake na jambo letu. Haikuwa na mtambo wake wa kurushia matangazo. Ilitengeneza vipindi, vikasikika kupitia redio nyingine, ikiwemo ya taifa. Waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi, na walitumwa kazini wawili wawili, mmoja wa kila upande. Faida yake ni rahisi kuiona. Mlango uliofungwa kwa mmoja, mwenzake aliweza kuubisha. Tena kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake: ukikuza idadi ya waliokufa upande wako au ukificha ya upande wa pili, aliyesimama kando yako anajua.

Mwaka 1997 studio hiyo ilianza mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili zinazopakana, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi.

Ukifuatilia historia ya redio binafsi zilizofuata, unaikuta studio hiyo tena. Alexis Sinduhije, aliyeanzisha RPA mwaka 2001, alikuwa amefanya kazi Studio Ijambo. Radio Isanganiro, iliyoanza mwaka 2002, ilizaliwa humo humo. Katika uchaguzi wa 2005 na wa 2010 vituo kadhaa viliunganisha waandishi wao vikatangaza kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hii ilikuwa kanuni ile ile ya wawili wawili, safari hii kati ya kituo na kituo.

Hata hivyo kanuni hiyo haikuwa kinga ya kila kitu. Iliundwa kwa ajili ya mgawanyiko wa kikabila, lakini mwaka 2015 mgogoro ulikuwa wa madaraka. Januari mwaka huo mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa baada ya redio yake kutangaza habari za mauaji ya watawa watatu Waitalia wa Kamenge. Alipoachiwa mwezi uliofuata, umati ulijaa barabarani kumpokea. Julai 2016 Jean Bigirimana, mwandishi wa Iwacu, alitoweka. Na Sinduhije mwenyewe alikuwa ameingia siasa akaanzisha chama, jambo linalotulazimu sisi wanafunzi kujiuliza mwandishi anaishia wapi na mwanasiasa anaanzia wapi. Baba, basi, hakukosea kuogopa.

Lakini kuna zoezi moja la darasani lililonifanya niielewe historia hii kuliko kitabu. Mhadhiri alitutuma wawili wawili soko la Ruvumera tuandike habari ya bei ya maharage. Mimi nilizungumza na wachuuzi kwa Kiswahili, nikarudi na habari ya nauli ya malori iliyopanda. Mwenzangu, msichana aliyekulia kijijini, alizungumza kwa Kirundi na akina mama walioshusha magunia, akarudi na habari ya mkulima aliyelipwa kidogo. Hakuna aliyesema uongo, ila kila mmoja alibeba nusu. Ilibidi tukae chini tubishane kwa saa nzima ndipo tukapata habari moja ambayo wote wawili tungeweza kuiwekea sahihi.

Siudharau uhusiano wa umma. Hospitali na mashirika yanahitaji watu wa kuyaeleza kwa wananchi. Lakini kule msemaji hulipwa kueleza upande mmoja, na nchi hii imekwisha kuona gharama ya watu kusikia upande mmoja tu. Isanganiro ilirudi hewani Februari 2016; Bonesha iliruhusiwa tena mwaka 2021. Vyumba hivyo vya habari vitahitaji watu, na mimi ningependa kuwa mmoja wao.

Nimejaza fomu: uandishi wa habari. Nilimweleza baba haya yote. Hakufurahi, na sikutarajia afurahi. Aliniuliza tu, "Na huko utakuwa unakwenda peke yako?" Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyofundishwa.