Aliyerudi Nyuma Alimuuliza Nani? The Butterfly Effect na Hukumu ya Watazamaji, kwa Kuisomea Msimbati

Filamu za kusafiri katika wakati zimezoea kupimwa kwa mzani mmoja: je, hesabu zake zinakubali? Mhakiki huchora mstari wa matukio, akatafuta mahali ambapo mjukuu amemuua babu kabla baba hajazaliwa, kisha akatoa alama. Mzani huo una kazi yake. Lakini watazamaji wanaobaki wakibishana baada ya picha kwisha, mara nyingi hawabishani juu ya hesabu. Wanabishana juu ya haki: huyu aliyerudi nyuma na kuyapindua maisha ya wenzake, alipewa ruhusa na nani? Makala hii inautetea ubishi huo. Ninadai kwamba The Butterfly Effect, filamu ya mwaka 2004 iliyodharauliwa na wahakiki na kupendwa na watazamaji, haieleweki vizuri mpaka isomwe kwa swali hilo, na kwamba Msimbati, kwenye rasi iliyo kusini mwa mji wa Mtwara karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, ni mahali panapolipa swali hilo uzito wake.

Filamu hiyo iliandikwa na kuongozwa na Eric Bress na J. Mackye Gruber. Ashton Kutcher anacheza kama Evan Treborn, kijana ambaye utotoni alikuwa akipotewa na kumbukumbu kila lilipotokea jambo la kutisha, hata akashauriwa awe anaandika shajara. Akiwa chuoni anagundua kwamba akizisoma kurasa zile hurudi ndani ya tukio lenyewe, mwili wa mtoto, akili ya mtu mzima, na anaweza kulibadili. Matukio yenyewe ni mazito: baba wa rafiki yake Kayleigh anawadhalilisha watoto mbele ya kamera, mbwa anachomwa moto akiwa hai, watoto wanatega baruti ndani ya sanduku la barua, nayo inamuua mama na mtoto wake mchanga. Evan akirekebisha moja, mtu mwingine anaangamia. Jina la filamu linamkumbusha mtazamaji Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa ambaye mwaka 1972 aliuliza kama kipepeo anayepiga mbawa Brazil anaweza kuzusha kimbunga Texas.

Iligharimu takriban dola milioni 13 na ikaingiza zaidi ya milioni 90 duniani, ingawa tahakiki nyingi za magazeti ya Marekani ziliikemea kwa kurundika ukatili na kwa mantiki iliyolegea. Ilipotoka kwenye DVD ikaja na mwisho wa pili, na hapo watazamaji wakagawanyika. Katika mwisho ulioonyeshwa kumbini, Evan anarudi kwenye siku aliyokutana na Kayleigh kwa mara ya kwanza na kumnong'oneza maneno makali ili asimkaribie tena maishani. Katika mwisho waliouchagua waongozaji, anarudi hadi tumboni mwa mama yake na kujinyonga kwa kitovu. Wapenzi wengi wa filamu za giza huusifu huu wa pili kwa ujasiri wake na kuuona ule wa kwanza kuwa wa kubembeleza wanunuzi wa tiketi. Mimi ninaona kinyume chake, na sababu zangu zinaanzia kwenye baruti.

Kwa mtazamaji wa Marekani, baruti ndani ya filamu ile ni chombo cha hadithi. Kwa mtu wa pwani ya Tanzania ni jambo la nyumbani. Uvuvi wa mabomu uliitesa pwani yetu kwa miongo kadhaa, kuanzia Tanga hadi Mtwara: vilipuzi vilivyoibwa kwenye machimbo na kazi za barabara, au mbolea iliyochanganywa na dizeli, chupa, utambi, na sekunde chache. Matumbawe yanayovunjwa na mlipuko mmoja huhitaji miaka mingi kurudi, na pengine hayarudi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na kuzingira kilomita za mraba zipatazo 650 pamoja na maji ya Msimbati, ilianzishwa katika mazingira hayo. Wako wavuvi waliopoteza viganja au mikono kwa kuchelewa kutupa. Sasa litazame tukio ambalo Evan anarudi kwenye siku ya sanduku la barua, anakimbia kumwokoa mama na mtoto, na anazinduka katika maisha mengine akiwa hana mikono. Wahakiki waliliona kama kilele cha kupita kiasi. Anayetoka mahali ambapo mkono uliokatwa na baruti ni jambo linalojulikana hatalicheka, na ataona jambo ambalo tahakiki hizo zililipita: katika maisha hayo marafiki zake wote wako salama. Kayleigh na Lenny, rafiki yao wa utotoni, wanapendana, na Tommy, kaka mkatili wa Kayleigh, amekuwa mcha Mungu. Gharama imeangukia kwa Evan mwenyewe, na kwa mama yake anayekufa kwa saratani ya mapafu baada ya kuzama katika sigara.

Kwa nini safari hiyo ilikaribia kufanikiwa? Jibu liko katika mazungumzo ambayo watetezi wa mwisho wa tumboni huyapita haraka. Kabla ya safari hiyo, Evan amezinduka katika maisha ambamo Kayleigh ni kahaba aliyezama katika dawa za kulevya. Anamweleza ukweli, naye, kwa uchungu na bila kumwamini, anamuuliza kwa nini asiende kuwaokoa yule mama na mtoto. Baadaye, katika maisha yale ambamo Evan hana mikono, Kayleigh anamwambia kwamba wazazi wake walipoachana angeweza kwenda kuishi na mama yake, akabaki kwa baba ili asitengane na Evan. Katika filamu nzima, hizo ndizo nyakati ambazo mtu mwingine anasema tatizo lilianzia wapi. Kabla ya swali lile la Kayleigh, Evan amefanya kila kitu kwa akili yake peke yake: anamkabili baba yake Kayleigh, anazinduka kwenye raha ya chuo, kisha anamuua Tommy na kutupwa gerezani. Na tusisahau kwamba kifo cha kwanza cha Kayleigh hakikutokana na safari yoyote. Evan alimfuata kazini kwake kumchokonoa kumbukumbu za utotoni ili ajaze mapengo yake mwenyewe, kisha akaondoka, na usiku ule Kayleigh akajiua.

Kwa hiyo mwisho wa kumbini una asili ndani ya filamu yenyewe. Evan anayafanyia kazi maneno ya Kayleigh: anamsukuma kuelekea kwa mama yake. Njia yake ni ya kikatili, maana mtoto mdogo anatishwa na mtoto mwenzake, lakini uamuzi wa kuhama unabaki kwa Kayleigh, na maisha yanayofuata ni yake. Mwisho wa tumboni unamnyima hata hilo. Evan anajifanya hakimu wa mwisho juu ya maisha ya wote, mama yake akiwa wa kwanza, kwa kudhani kwamba kutokuwepo kwake ndiyo tiba. Na baba yake Kayleigh bado yupo, bado ana kamera. Ujasiri wa mwisho huo, kwa maoni yangu, ni kujiona mkubwa kulikovaa nguo za kujitoa mhanga.

Hapa Msimbati inatusaidia zaidi. Mwaka 1982 kampuni ya Agip ya Italia ilichimba kisima Ghuba ya Mnazi na kukuta gesi, kisha ikaiacha kwa kuwa haikuonekana kuwa na faida ya biashara wakati ule. Zaidi ya miaka 20 ikapita kabla kampuni ya Artumas ya Kanada haijarejea na gesi hiyo kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Baadaye uendeshaji ukashikwa na Maurel et Prom ya Ufaransa. Serikali ilipoamua kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012 wakisema gesi haitoki, na vurugu za Januari na Mei 2013 zikaleta vifo na nyumba kuchomwa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Hoja ya serikali kwamba rasilimali ni ya taifa zima ilikuwa na msingi wake, na sidhani inaweza kupuuzwa. Lakini lalamiko lililosikika zaidi lilihusu utaratibu: watu walitangaziwa kesho yao ikiwa imeshapangwa. Na Mtwara ilikuwa na kumbukumbu ya kesho nyingine kama hiyo. Bandari yake ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea zilizaliwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Bandari ilibaki, reli ikang'olewa.

Anayetazama Evan Treborn kutoka huko ana haki ya kumwona kama mpangaji mwenye nia njema. Anawapenda anaowapangia. Yeye pekee ndiye anayekumbuka matoleo yote yaliyotangulia. Wengine wanaishi katika toleo la mwisho wakidhani ndilo la pekee. Anayekumbuka peke yake hawezi kupingwa na yeyote, kwa sababu hakuna shahidi. Giza la filamu hii liko hapo, kuliko kwenye damu yake.

Watazamaji wetu wameshajenga njia ya kuleta shahidi ndani ya picha. Katika vibanda vya video Tanzania, wafasiri wa filamu husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Maarufu zaidi alikuwa Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings aliyeichunguza kazi hiyo aliipa makala yake jina linaloifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Mfasiri hatafsiri tu. Anaeleza nani ni nani, anamsuta mhusika, anamwonya aliye hatarini, anawakumbusha watazamaji yaliyopita. Uganda wanayo kazi hiyo, na Kenya pia, ambako DJ Afro amejipatia jina. Filamu ambayo shujaa wake anazinduka kila mara katika maisha mapya bila maelezo inamhitaji msimulizi wa aina hiyo kuliko nyingine yoyote, na msimulizi akishasema huyu Kayleigh alikuwa mwingine dakika kumi zilizopita, kumbukumbu haiwi tena mali ya Evan peke yake. Ukumbi mzima unakumbuka. Vibandani humo, mhusika mkuu huitwa stelingi, na kila mtoto anajua kwamba stelingi hafi. Wasomi huweza kuiona kanuni hiyo kuwa ya kitoto. Ndani yake mna dai zito la kimaadili, kwamba aliyeianza safari abaki hai ajibu alichowafanyia wenzake. Mwisho wa tumboni unamwachia Evan atoroke kabla ya kuhojiwa.

Atakayenipinga anaweza kumleta John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sasa na zamani ndefu, na kesho ya mbali karibu haipo. Kwa hiyo filamu inayochezea kesho ingekuwa ngeni kwetu. Kwame Gyekye alimjibu mwaka 1987 kwa kuonyesha kwamba Waakani wana dhana kamili ya wakati ujao. Mtwara inatoa jibu jingine. Waliosimama barabarani mwaka 2013 walikuwa wakigombania kesho, na silaha yao kubwa ilikuwa kumbukumbu. Fasihi yetu nayo haijangoja Hollywood: katika Nagona na Mzingile Euphrase Kezilahabi aliuvunja mstari wa wakati, na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka alimtoa babu kaburini aje kumhoji mjukuu aliyenona kwa jasho la wengine. Katika riwaya hiyo ya Mohamed wakati unapinda ili mwenye madaraka aulizwe, na ndicho kinachokosekana katika filamu ya Bress na Gruber, ambamo karibu kila mara anayeuliza na anayejibu ni Evan yuleyule.

Mwongozaji wa kwetu atakayeichukua kazi hii ana mada tayari. Ampe shajara mtu wa Msimbati wa mwaka 1982, siku mitambo ya Agip inafungashwa, na ampe pamoja nayo jirani ambaye naye anakumbuka kila toleo na hakubaliani naye.