OpenOffice: Jina Lilibaki, Watu Wakahama

Mpwa wangu alipokuja likizo na kuwasha kompyuta yangu ya Ubuntu, alizunguka kwenye orodha ya programu kama mtu anayetafuta duka lililohama mtaa. "Mjomba, ile yenye ndege iko wapi?"

Nilimwelewa papo hapo. Alikuwa anaulizia OpenOffice, aliyoizoea kwenye kompyuta kuukuu za shuleni kwao. Ndege ni wale shakwe wawili wanaoruka kwenye nembo yake. Nikamwonyesha LibreOffice. Akaifungua, akaikagua juu hadi chini, akanigeukia. "Mbona ni ileile?"

Ni ileile, na siyo. Anayehamia Linux hukutana na swali hili siku za mwanzo kabisa: programu za ofisi za bure ziko kadhaa, mbili kati yake zinafanana kama mapacha, achukue ipi? Watu hulijibu kwa kulinganisha vitufe. Mimi huona vitufe vinapoteza muda. Kilichozitenganisha hizi mbili ni ugomvi wa kifamilia, na ukishaujua, kuchagua hakukuchukui hata dakika.

Asili yake ni Lüneburg, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1985. Kijana wa miaka 16 aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni akaiita Star Division, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa StarWriter, programu ya kuandikia kwenye kompyuta ndogo za nyumbani zilizotumia chipu ya Z80. Kampuni ilikua, ikahamia Hamburg, na StarWriter ikapata wenzake wa mahesabu, michoro na mawasilisho. Familia nzima ikaitwa StarOffice. Linux ilipoanza kupata watumiaji wa kawaida miaka ya 1990, StarOffice ilikuwa miongoni mwa programu chache za ofisi zilizokubali kuishi humo. Ilikuwa nzito ajabu. Toleo la 5 lilikuja na eneo-kazi lake lenyewe na kitufe chake cha kuanzia, likafunika skrini yote. Mgeni anakuja na kitanda chake, meza yake na jiko lake.

Agosti 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua Star Division kwa dola milioni 73.5. Sababu aliyoieleza baadaye Simon Phipps, aliyekuwa ofisa wa Sun, ni ya kinyumbani kabisa. Sun ilikuwa na wafanyakazi wapatao 42,000, na karibu kila mmoja alihitaji mashine ya Unix ya kazi na kompyuta nyingine ya Windows kwa ajili ya barua na majedwali. Walipopiga hesabu wakaona kununua kampuni nzima ni nafuu kuliko kulipia leseni 42,000 za Microsoft.

Kisha wakafanya jambo ambalo Börries hakulifanya. Tarehe 13 Oktoba 2000 waliuweka msimbo wote hadharani, autakaye auchukue. Mradi ukaitwa OpenOffice.org. Hilo ".org" halikuwa pambo: jina OpenOffice peke yake lilikuwa na mwenyewe tayari. Waliofungua msimbo huo walikuta maelezo ya waandishi wake yamejaa Kijerumani, na miaka mingi baadaye watu wa kujitolea walikuwa bado wanayatafsiri kwa Kiingereza, mstari kwa mstari. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2002.

Kwa msomaji wa huku kwetu, hapa ndipo habari inapogusa nyumbani. Msimbo ukishakuwa wazi, hakuna wa kumwomba ruhusa ya kuutafsiri. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 na kwa fedha za Sida, shirika la misaada la Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ileile ikiwa na menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza kwamba inakuja na Kiswahili. Sidai kwamba mmoja alimkimbiza mwenzake, ila haikuwa kawaida lugha yetu kugombewa na wawili kwa msimu mmoja. Na kugeuza menyu si kazi ya wahandisi tu. Faili tulikuwa nalo tangu enzi za makarani wa serikali. Lakini kile chombo cha kuhifadhia mafaili ndani ya kompyuta kiitwe nini? Kabrasha? Folda? Ubishi huo hadi leo haujaisha.

Kazi ya kusahihisha tahajia ilikuwa ngumu zaidi. Kwa Kiingereza unaweza kuorodhesha maneno ukaishia hapo. Kwa Kiswahili chukua "andika" tu: nimekuandikia, hawakuandikiana, tutakapoandikishwa. Orodha haitoshi, unahitaji kanuni za viambishi. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili iliyotumika kwenye programu hizi ilitengenezwa na msomi wa Kenya, Jason Githeko, na mpaka sasa imo kwenye hazina ya kamusi za LibreOffice. Injini inayoziendesha kamusi hizo, Hunspell, iliundwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine inayobandika viambishi bila huruma. Nikiandika barua ndefu na mistari myekundu isijae ukurasa mzima, humkumbuka huyo Mhungari.

Turudi kwenye ugomvi. Sun ilikuwa imefungua mlango lakini ikabaki na funguo. Aliyetaka mchango wake uingie kwenye OpenOffice.org ilimpasa asaini mkataba wa kuipa Sun hakimiliki ya pamoja, na hata akisaini, kazi yake iliweza kukaa foleni muda mrefu. Wahandisi wa kampuni ya Novell, akiwemo Michael Meeks, wakaanza kukusanya marekebisho yao pembeni. Mkusanyiko huo ukaja kuitwa Go-oo. Sasa sikiliza hili, maana ndilo watu wengi wanalolisahau: mifumo ya Linux kama Debian, Ubuntu na openSUSE ilikuwa ikichukua Go-oo, kisha inaiweka ikiwa na jina la OpenOffice.org. Kwa hiyo mtumiaji wa Linux wa 2008, aliyeamini yuko upande wa Sun, alikuwa ameshahama bila kuambiwa.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na OpenOffice.org ikaenda pamoja na fenicha. Wachangiaji waliitazama Oracle kwa miezi kadhaa. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo baadhi yao wakatangaza taasisi huru, The Document Foundation. LibreOffice lilikuwa jina la muda tu. Waliialika Oracle ijiunge na iwape jina la zamani. Oracle ilikataa, na ikawataka waliojiunga na taasisi hiyo waachie viti vyao kwenye baraza la OpenOffice.org. Mambo yakaishia hapo. Jina la muda likawa la kudumu, na hadi leo wapo wanaolilalamikia kwamba halitamkiki.

Ili kusajili taasisi Ujerumani walihitaji mtaji wa euro 50,000. Mwezi Februari 2011 walipitisha kapu kwa umma, na kwa siku 8 lilijaa. Toleo lao la kwanza, 3.3, lilikuwa limeshatoka Januari. Mwezi Aprili Ubuntu 11.04 ilikuja nalo, na mifumo mingine mikubwa ya Linux ikafuata njia hiyohiyo. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu ile Go-oo waliyokuwa wakiitumia ndiyo iliyomwagwa ndani ya LibreOffice. Kwa Linux, huku hakukuwa kuhama. Kulikuwa kubadilisha kibao cha mlangoni.

Oracle ilichoka mapema. Juni 2011 iliukabidhi mradi kwa taasisi ya Apache Software Foundation, na shakwe wawili wakahamia huko. Hapo ndipo leseni zilipoamua mambo kimyakimya. Leseni ya Apache inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuutumia karibu apendavyo. Leseni za LibreOffice zinadai kwamba ukibadilisha msimbo na kuusambaza, mabadiliko yako nayo yabaki wazi. Matokeo yake, LibreOffice iliweza kuchota kutoka Apache, na Apache haikuweza kuchota kutoka LibreOffice. Mto unaotiririka upande mmoja. Apache OpenOffice 4.1 ilitoka mwaka 2014, na tangu hapo yametoka matoleo madogo ya marekebisho tu. Mwaka 2016 kiongozi wa mradi wenyewe alifungua mjadala wa jinsi ya kuufunga kama watu wa kuuendeleza wakikosekana. LibreOffice katika muda wote huo imekuwa ikitoa matoleo makubwa mawili kila mwaka.

Nje ya mapacha hao wapo wengine. AbiWord na Gnumeric ni nyepesi na hufaa mashine chovu. KOffice ya watu wa KDE nayo ilipasuka mwaka 2010 ikazaa Calligra. Lakini mshindani wa kweli leo, kwa maoni yangu, ni ONLYOFFICE. Yenyewe imejengwa moja kwa moja juu ya mafaili ya docx na xlsx ya Microsoft, na sura yake inamkumbusha Word mtu aliyezoea Word. Mapacha wamelelewa na odt, muundo uliopitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005 na kupata namba ya ISO mwaka uliofuata. Ndiyo maana barua ya OpenOffice hufunguka LibreOffice bila mtikisiko. Docx kwao ni lugha ya pili. Wanaiongea vizuri, ila lafudhi inasikika.

Lafudhi hiyo iliwahi kunigharimu. Niliandika wasifu wangu kwa Calibri kwenye Linux, kurasa 2 kamili, nikaweka kwenye flashi nikaenda stesheneri. Ulipofunguliwa pale ukawa kurasa 3, ya tatu ikiwa na simu za wadhamini peke yake. Kijana wa mashine akaniuliza, "Mzee, na hii nayo tuprinti?" Nikalaumu programu njia nzima. Kumbe kosa lilikuwa langu. Calibri ni mali ya Microsoft na kwangu haikuwemo kabisa. Kompyuta ilikuwa imeweka fonti nyingine ya karibu, yenye herufi za upana tofauti, kwa hiyo mistari ilikatika pengine. Dawa yake inaitwa Carlito, fonti huria ambayo kila herufi yake ina upana uleule wa Calibri. Red Hat walishafanya vivyo hivyo mwaka 2007 kwa fonti za Liberation, zinazokaa badala ya Arial na Times New Roman. Niliisakinisha Carlito, nikaziona kurasa 3 zilezile za stesheneri, nikapunguza maneno hadi wasifu ukarudi kurasa 2. Karatasi ya kwenda kuprintiwa siku hizi naipeleka ikiwa PDF, nisijaribu bahati.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote, nusu akisikiliza, nusu akichapa barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Alipomaliza akauliza kama angeweza kuisakinisha ya Apache pia. Nikamwambia ataweza, hakuna anayemzuia, ila atakuwa ameingia nyumba ambayo mafundi wake walihama.

Akafikiri kidogo. "Sawa, tubaki na hii," akasema, huku akiihifadhi barua. "Lakini wale ndege, Mjomba, walipohama wangewachukua."

Hapo sikuwa na jibu.