Ufa nyuma ya bibi harusi
Jamani, leo hapa Mwanakwerekwe tuongee nyufa. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na nguzo za chuma. Mwaka 2012 kipande kilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki.

Sote tuliipiga picha nyumba ile. Ukuta wenyewe, nani aliupiga?

Mjerumani Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka akipima kanisa la Wetzlar mwaka 1858, akaamua bora kupima kwa picha. Ukipiga ukuta kutoka pembe mbili, ukaweka na kipimo, unapata urefu wa ufa, mwelekeo wake, na umbali wake na ufa wa pili. Wahandisi wa migodi na mahandaki huisoma miamba hivyo hivyo. Ukirudia baada ya miezi kadhaa, unajua kama ufa umetanuka.

Kwa hiyo wenye picha za harusi za Forodhani, za kabla ya 2020, hebu zitoeni kabatini. Mwacheni bibi harusi, tazameni ukuta nyuma yake: ufa unaanzia wapi?